Bei Niliyomtajia Sikudhani

Alikuja Buguruni saa tatu asubuhi,
dada yangu, tumbo moja,
akasimama kati ya wateja kama mteja.
Nyumba yake ya Msongola mchwa wameila:
wameanzia kwenye kenchi, wakashuka na fremu,
mabati yamebaki yameshikiliwa na sala.
Alitaka mbili-kwa-nne, vipande sitini.
Nikatoa kalamu sikioni.
Nikamtajia bei.

Bei ileile ninayomtajia mtu wa Masaki.
Sikumpunguzia hata ya nauli.
Akaikunja karatasi mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga,
akasema, "Haya, kaka,"
na "haya" ile ilikaa dukani mpaka jioni,
haikupata mnunuzi.

Kiangazi, mpiga randa wangu akaleta habari:
Sikudhani anajenga tanuri la kuishi.
Udongo mtupu, kuanzia ukuta hadi paa.
Hakuna boriti, hakuna papi, hakuna msumari.
Amempata fundi kutoka Bahi, Ndahani jina lake,
mtu wa nchi ambayo mti ulionyooka
hukatwa mara moja kwa kizazi, tena kwa kikao.

Nikacheka. Nilicheka sana.
Jumapili nikaenda, futi kamba mfukoni,
kama anayekwenda kupima jeneza.

Nikakuta kichuguu kimebomolewa nusu.
"Walikula mbao zangu," dada akasema,
"nami sasa naila nyumba yao."
Udongo wa mchwa, mchanga wa bondeni, maji ya kisima,
matofali membamba yameanikwa juani kwa safu,
hayatachomwa, hayatadai hata ukuni mmoja.

Ndahani alikuwa juu ya ukuta,
ukuta mnene kiasi cha mtoto kulala na kujigeuza.
Kamba moja imevutwa kutoka nyuma hadi mbele,
nyingine inaning'inia, ikimwonesha mpindo.
Tofali la kwanza likaegemea ukuta,
la pili likaegemea la kwanza,
na chini yao hakuna jukwaa, hakuna mhimili,
hewa tu, na kuku mmoja akipita.
"Yataanguka," nikasema.
"Yaangukie wapi?" akajibu bila kugeuka.
"Kila moja linamwegemea mwenzake,
na mwenzake hakwepi."

Sikumjibu.
Kalamu ilikuwa bado sikioni.

Masika ilipofika sikulala.
Mvua ya Dar haina adabu ya mvua ya Bahi,
ile inayopiga hodi, ikasalimu, ikaondoka.
Ya huku huhamia.
Usiku wa pili nikakodi bodaboda mpaka Msongola,
turubai kwapani, na moyoni, nasema kweli,
tumaini dogo, chafu, kwamba imebomoka.

Ilikuwepo.
Mgongo wake wa chokaa uling'aa kwa kila radi,
maji yakiteleza kwenda mtaroni
kama watu wenye shughuli zao.
Ndani, pembeni, sufuria moja: ti, ti, ti.
"Inavuja," nikasema, haraka mno.
"Pale tu. Ndahani atapaka tena jua likirudi."
Kisha akanitazama kwapani:
"Na hilo turubai, umemletea nani?"

Mlangoni ilining'inia kanga, ileile,
imeloa hadi magoti.
Pindo lake bado lilikuwa na fundo.

Leo nimerudi na mlango.
Mninga, bawaba za shaba,
nimeupiga randa mwenyewe, usiku,
duka limefungwa, vijana wameondoka.
Mti pekee wa nyumba hii.
Sikudhani anaupapasa kwa kiganja,
anaunusa, anaugonga mara mbili
kama mtu aliye nje.

"Bei gani?" ananiuliza.

Nachomoa futi kamba.
Nainama kupima upya kizingiti
nilichokwisha kukipima.